Mtoto Atokwaye na Damu: Je, Kumtibu ni Hiari ya Mzazi?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: liko suala ambalo limekuwa likizungumzwa mabarazani, nalo limeletwa katika darasa letu ili tulitolee maelezo. Mzazi ana mtoto mwenye maradhi ya kutokwa na damu isiyokoma. Matabibu wamemwambia kwamba iko dawa ya kuigandisha damu hiyo, na kwamba yampasa mtoto adungwe sindano ya dawa hiyo mara kwa mara. Jamaa zake wamegawanyika. Wako wamwambiao ya kuwa kujitibu si faradhi katika sheria, hivyo akiacha hana dhambi, na amwachie Mungu. Wako wasemao kwamba dawa yenyewe imetokana na damu za watu, na damu ni najisi. Na wako waulizao: mtoto huyu leo acheza na wenziwe, ya nini kumchoma sindano mtu mzima?

Maneno haya matatu si ya kupuuzwa, kwani kila moja lina asili, ama katika vitabu vyetu ama katika desturi zetu. Lakini neno kuwa na asili si dalili ya kuwa limetumiwa mahali pake. Na katika jambo hili, kosa la kuliweka neno mahali si pake halimpati msemaji, humpata mtoto. Basi yatupasa tuyapime moja moja.

Maradhi yenyewe

Maulamaa husema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi na tuanze na kufahamu.

Damu ya mwanadamu Mungu ameiumba kwa hekima: ikiwa ndani ya mishipa hutiririka, na mshipa ukipasuka huganda. Kuganda huko si kazi ya kitu kimoja. Ni vitu vingi vinavyopokezana, mfano wa watu waliojipanga safu wakipeana ndoo za maji kuzima moto. Akikosekana mmoja kati yao, maji hayafiki. Matabibu wameviita vigandishi na wakavipa namba. Mtoto mwenye maradhi haya, yanayoitwa hemofilia, amezaliwa na upungufu wa kigandishi namba 8, au, kwa uchache zaidi, namba 9. Upungufu wa namba 8 humpata kiasi cha mtoto mmoja katika kila watoto 5,000 wa kiume. Na yule ambaye maradhi yake ni makali huwa hana hata sehemu moja katika mia ya kile alichonacho mtu wa kawaida.

Wengi hudhani kwamba mtoto huyu hufa kwa kujikata kidole. Sivyo, hatari yake kubwa iko ndani, kusikoonekana. Damu humvujia katika goti, au kiwiko, au kifundo cha mguu, na pengine hata hakuanguka. Kiungo huvimba, kikawa cha moto, na mtoto akalia usiku kucha. Jambo hili likikariri, kiungo huliwa kwa ndani, mguu ukapinda, na mtoto akawa kiwete kabla hajabaleghe. Na damu ikimvujia kichwani, asipowahiwa, aghlabu huwa ndio mwisho wake.

Wala maradhi haya si mapya. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu mkuu wa Andalusia, aliyekitunga kitabu chake cha utabibu yapata mwaka 1000, alieleza habari za kijiji ambacho wanaume wake walipojeruhiwa walikuwa wakitokwa na damu hata wakafa. Ni Mwislamu aliyeliandika jambo hili miaka elfu moja iliyopita. Haitupendezei sisi, waliokuja nyuma yake, tukimwona mtoto kama huyo tuseme amepagawa au amerogwa.

Ama dawa yake, ni kumrudishia kile alichokikosa. Hutiwa katika mshipa kwa kipimo cha uzani wake. Nayo haing'oi maradhi. Hutumika, kisha ikaisha. Kigandishi namba 8, baada ya saa 8 hadi 12, nusu yake huwa imekwisha mwilini. Ndiyo sababu ya sindano kurudiwa.

Neno la kwanza: kujitibu si wajibu

Ni kweli kwamba mafakihi wengi, na miongoni mwao wa madhehebu yetu ya Imam Shafi, wamesema kujitibu ni jambo lililopendekezwa, si wajibu. Hatulikatai hilo. Lakini yatupasa tuulize: kwa nini walisema hivyo? Sababu waliyoitoa ni kwamba manufaa ya dawa si yakini. Mtu huenda akainywa asipone, na mwingine akaiacha akapona. Hukumu ilifuata sababu hiyo, na sababu ikiondoka, hukumu nayo huondoka.

Na wao wenyewe wametuonyesha njia. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 wa Hijra, katika sherehe yake ya Minhaji ya Imam Nawawi, ameyatenga mambo mawili na hukumu hiyo, akasema haya ni wajibu, kwa kuwa manufaa yake ni yakini. La kwanza ni mtu aliyekwamwa na tonge kooni, asipate cha kuisukumia ila mvinyo. Huyo yampasa aisukume kwa mvinyo. La pili ni kufunga mahali palipopasuliwa mshipa kwa ajili ya kutoa damu. Aliyepasuliwa mshipa hana ruhusa ya kuuacha wazi na damu ikamwagika, kisha akasema kwamba kujitibu si faradhi.

Tulizingatie hili vyema. Mwanachuoni huyu alipotaka mfano wa tiba isiyokuwa na hiari, aliuchukua katika damu. Na kigandishi ni nini, ila ni kitambaa cha kufungia jeraha lisilofikiwa na mkono? Mshipa umepasuka ndani ya goti la mtoto. Hakuna awezaye kuingiza vidole akaufunga. Mungu amewafunulia waja wake kamba ya kuufunga kwa ndani. Nayo si dawa ya kubahatisha: kila kizio kimoja cha kigandishi namba 8, kwa kila kilo moja ya uzani wa mtoto, hukipandisha kigandishi kilichomo katika damu yake kwa kiasi cha sehemu 2 katika mia. Tabibu hupiga hesabu kabla hajadunga sindano, kisha akaipima damu, naye huikuta hesabu yake.

Hatusemi kwamba hakuna inayemkataa. Katika watoto wenye upungufu mkali wa namba 8, kiasi cha 3 katika kila 10 miili yao huja ikaipiga vita dawa hii. Lakini hukumu hujengwa juu ya lililo ghalibu, na hawa nao, tangu mwaka 2017, imepatikana dawa ya namna nyingine inayodungwa chini ya ngozi. Basi amwambiaye baba wa mtoto huyu kwamba ana hiari, ameichukua hukumu ya dawa yenye shaka akaitia katika kufunga mshipa unaovuja.

Subira ya nani?

Hapa wako watakaotukumbusha hadithi ya yule mwanamke aliyekuwa na kifafa, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) amwombee, akahiyarishwa baina ya dua na kusubiri akapata Pepo, naye akachagua kusubiri. Watasema: je, si dalili ya kwamba kuacha tiba kwafaa, tena kuna daraja?

Twasema: hadithi ni sahihi, na daraja ya subira ni kubwa. Lakini na tuulize, ni nani aliyehiyarishwa? Ni mwanamke mwenyewe, mtu mzima mwenye akili, juu ya mwili wake mwenyewe. Hakuhiyarishwa baba yake, wala mumewe. Subira ni tendo la moyo wa yule anayeumwa. Baba hawezi kusubiri kwa goti la mwanawe, kama vile hawezi kufunga Ramadhani kwa tumbo la mwanawe. Mtoto wa miaka mitatu aliaye kwa maumivu hakuchagua lolote. Anayemwacha katika hali hiyo kisha akajiita mwenye kusubiri, ameivaa thawabu ambayo bei yake imelipwa na mwingine.

Mtoto kwa baba ni amana. Mwenye mali yake aweza kuitoa yote sadaka akasifiwa. Lakini msimamizi wa mali ya yatima akiitoa sadaka, hasifiwi, hulipishwa. Na ikiwa hivyo ndivyo katika shilingi, katika damu itakuwaje?

Na kutegemea Mungu si kuiacha sababu. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Na katika mwaka wa 18 wa Hijra (639), Seyyidna Umar alipokuwa akielekea Sham akapata habari za tauni, alirudi nyuma na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwa maana ya kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Maradhi ni kadari, na dawa ni kadari. Kuikubali moja na kuikataa ya pili si imani iliyokamilika.

Neno la pili: dawa imetokana na damu

Dawa hii ilitoka wapi? Mwaka 1964 Judith Pool, mtaalamu wa Marekani, alionyesha kwamba maji ya manjano ya damu, yaitwayo plazma, yakigandishwa kwa baridi kisha yakayeyushwa polepole, hubakia masimbi yenye wingi wa kigandishi namba 8. Baadaye viwanda vikakusanya plazma za maelfu ya watu vikatoa dawa ya unga. Na tangu mwaka 1992 imepatikana dawa isiyokamuliwa katika damu ya mtu, bali hutolewa na chembe hai zinazokuzwa kiwandani, ambazo asili yake ni mnyama mdogo wa jamii ya panya, kisha ikasafishwa.

Atakayeuliza juu ya unajisi, jawabu lake ni hili. Qur'ani imemruhusu mwenye kudhurika ale mzoga. Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu watu wa Urayna wanywe mikojo ya ngamia kwa ajili ya maradhi yao, na mafakihi wetu wa Kishafi, ambao kwao mkojo huo ni najisi, wakaifanya hadithi hiyo kuwa dalili ya kufaa kujitibu kwa kilicho najisi pasipopatikana kilicho tohara cha kukaa mahali pake. Na mvinyo wa yule aliyekwamwa na tonge tumekwisha utaja. Ikiwa mvinyo umekuwa wajibu kwa ajili ya tonge, plazma iliyosafishwa haitakuwa haramu kwa ajili ya mshipa.

Lakini iko pingamizi nyingine yenye nguvu kuliko ya unajisi, nayo wenzetu hawaitaji: ni madhara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, plazma zilipokuwa zikichanganywa pamoja, virusi vya Ukimwi na vya maradhi ya ini viliingia katika dawa, na wagonjwa kwa maelfu wakaambukizwa kwa kitu kile kile walichopewa kiwaponye. Stephen Christmas, ambaye maradhi ya upungufu wa namba 9 yaliitwa kwa jina lake mwaka 1952 alipokuwa mtoto wa miaka 5, aliambukizwa kwa njia hiyo akafariki mwaka 1993. Lau mzazi angesita katika miaka ile, asingelaumiwa. Ila tangu katikati ya miaka hiyo ya 1980 dawa ilianza kupitishwa katika moto wa kuviua virusi hivyo, na watoaji damu wakapimwa. Hofu ilikuwa na haki yake wakati wake. Leo yamtosha mzazi kuuliza dawa imesafishwaje, na akijibiwa, atende.

Neno la tatu: kumtibu aliye mzima

Katika mji wa Malmö, nchi ya Sweden, tangu mwaka 1958 Inga Marie Nilsson na wenzake walianza kuwapa watoto hawa kigandishi kabla ya kutokwa na damu, badala ya kungoja. Na mwaka 2007 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa watoto 65 wa kiume. Kundi moja lilitangulizwa dawa kwa ratiba; kundi la pili lilipewa dawa nyingi kila damu ilipovuja. Walipofika umri wa miaka 6 wakapigwa picha za viungo. Katika kundi la kwanza, 93 katika mia viungo vyao vilikuwa salama; katika la pili, 55 katika mia. Wala hawa wa pili hawakuachwa bila ya tiba. Walitibiwa vizuri, lakini baada ya damu kuvuja.

Sisi ni watu wa pwani, na jambo hili twalijua kwa njia nyingine. Nahodha hulipandisha jahazi pwani akalikalafati, akatia pamba na sifa katika kila mwanya, ilhali bado halijavuja. Hakuna amwambiaye kwamba amekosa imani. Bali yule anayetweka tanga akangoja maji yaingie ndipo atafute pamba, huyo ndiye aitwaye mjinga, na abiria wakizama huulizwa yeye. Mtoto mwenye maradhi haya ni jahazi lililo baharini tangu siku ya kuzaliwa. Kumtanguliza dawa si kumtia maradhi asiyokuwa nayo. Maradhi anayo, hata siku anapocheza.

Tohara, na lawama za mama

Imekuwa desturi kwamba maradhi haya hujulikana siku ya tohara, na pengine hujulikana kwa mauti. Twawaomba ngariba na wazazi, kabla ya kisu, waulize suala moja: katika wajomba wa mtoto huyu, yuko aliyekuwa hakomi damu? Wanazuoni wa Kiyahudi, kwa zaidi ya miaka 1,500, wameamua kwamba mwanamke aliyefiwa na watoto kwa tohara, anayefuata asitahiriwe. Na Musa bin Maimun, tabibu wa Misri aliyefariki mwaka 1204, akaeleza kwamba ni sawasawa, watoto wakiwa wa mume mmoja au wa waume wawili. Kwetu sisi, Minhaji yatosha: tohara ni wajibu baada ya kubaleghe, kuitanguliza ni sunna, na mtoto asiyeiweza huakhirishwa. Akipatiwa kigandishi hospitalini kabla na baada, chini ya mkono wa tabibu ajuaye, naye atatahiriwa kwa salama.

Ama mama, yatosha aliyobebeshwa. Ni kweli kwamba maradhi hupita kwake: mwenye kuyachukua, kila mtoto wa kiume amzaaye ana nusu ya uwezekano wa kuyapata, na kila binti nusu ya uwezekano wa kuyachukua. Lakini hakuyachagua, na mara nyingi hata hayajui. Tena kiasi cha thuluthi ya wagonjwa hawana mtu yeyote katika ukoo aliyekuwa nayo. Basi mume atoaye talaka kwa sababu hii, akasema mke ana mkosi, amemdhulumu mwanamke, na amemwondolea mtoto yule anayekesha naye.

Wajibu wetu sote

Alexei, mwana wa mfalme Nicholas wa Pili wa Urusi, alizaliwa mwaka 1904 na upungufu wa namba 9. Matabibu wa wakati ule hawakuwa na la kumfaa, na mama yake akamkimbilia Rasputin, mtu aliyedai kuponya kwa maombi. Nyumba yenye dhahabu yote ile haikuwa na chupa moja ya dawa tunayoibishania leo. Sasa chupa iko, lakini mtoto wa maskini bado amesimama pale aliposimama mwana wa mfalme, kwani bei yake haifikiki na mzazi wa kawaida. Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoundwa mwaka 1963 na lenye makao yake Montreal, hugawa dawa za msaada kwa nchi nyingi, na Kenya ni mojawapo. Yafaa tuwashukuru. Lakini hatuwezi kuwaachia watu wa mbali faradhi ambayo ni yetu.

Kwani hii ni faradhi ya kutoshelezana: wakiisimamia baadhi, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na baba asiyeipata dawa baada ya kuitafuta hana lawama. Lakini lawama hiyo haipotei hewani. Huhamia kwa wale wenye uwezo. Mwenye afya na atoe damu, kwani pasipo na dawa ya kiwandani, mtoto huokolewa na plazma ya aliyetoa jana. Mwenye mali azingatie kwamba fakiri asiye na nauli ya kumfikisha mwanawe hospitali ni katika wanaostahiki zaka yake. Mwalimu wa chuo akiambiwa mtoto ana maradhi haya, asimpige bakora. Na mzazi asimpe aspirini kwa homa, kwani huizuia damu kuganda.

Kwa ufupi: kujitibu kwenye shaka ni hiari, kufunga mshipa unaovuja si hiari. Mtu ana haki ya kusubiri kwa mwili wake. Hana haki ya kusubiri kwa mwili wa mtoto. Na Qur'ani ilipotufundisha kwamba aihuishaye nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote, haikuitoa katika hesabu nafsi ya mtoto mgonjwa wala ya maskini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, awape nguvu mama zao, na atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata. Amin. Na Mungu ndiye Mjuzi zaidi.